Tangazo Lililosemekana Halipo

Bi Kazija alipoingia redioni, Dativa alisimama akamwamkia, "Shikamoo, bibi." Bi Kazija hakuitikia.

"Jana ndugu yangu wamemtia udongoni Kivinje, mie niko mtaani Mtanda nakuna nazi. Watu wa huko wamewapigia nyie simu juzi jioni mtangaze. Redio nimeifungua tangu alfajiri, gari ya Kilwa naisikia ikipiga honi, ningeipanda nikamzike. Nyimbo tu!"

Dativa, binti wa wakulima wa Kipatimu, ndiye aliyekuwa akisoma matangazo ya vifo tangu redio za watu binafsi ziliporuhusiwa na ile yao ndogo ikafunguliwa hapo Lindi. Huyarekodi jioni, alfajiri kompyuta huyarusha yenyewe.

Bwana Cletus, mkuu wake, alifungua kumbukumbu za mashine, akaweka kidole kwenye kioo. "Imeandika faili halipo. Hukurekodi, Dativa. Mashine haina shangazi wa kumtetea."

Bi Kazija aliondoka bila kuaga.

Dativa alikumbuka kurekodi. Lakini kadiri alivyoutazama mstari ule, ndivyo alivyozidi kujishuku. Labda alirekodi la mwingine. Labda alisahau kuhifadhi. Mwishowe, kwa kukosa la kufanya, akasoma na mistari ya juu yake, ambayo hakuna aliyeijali.

Tarehe mosi Januari, 1980.

Akaita, "Bwana Cletus, njoo uone. Mwaka huo redio hii ilikuwa wapi?"

Kila usiku walizima swichi kubwa, maana umeme wa Lindi uliunguza vyombo. Betri ndogo iliyotunza saa ndani ya kompyuta ilikuwa imekufa, na mashine ilipowashwa ikarudi miaka ya nyuma, ikatafuta tangazo la siku ambayo redio yenyewe haikuwapo. Nyimbo zilipigwa kama kawaida. Nyimbo hazina tarehe.

Tangazo lilikuwa mahali pake. Walilisikiliza hadi mwisho, na Bwana Cletus akavua kofia.

"Niliharakisha kukuhukumu, binti."

Alasiri Dativa alikwenda Mtanda peke yake. Alieleza habari ya betri, akaona Bi Kazija haifuati.

"Hayo ya saa yenu siyajui," alisema yule mama. "Ulimtaja?"

"Nilimtaja, bibi. Yeye na baba yake. Nikakutaja na wewe, dada yake wa Mtanda."

Bi Kazija alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Kisha akasogea kwenye mkeka, akaacha nafasi.

"Marahaba," alisema. "Kaa."