Nafuu ya Jicho

Baba yangu alikuwa mwindaji wa shamba la mkonge karibu na Mwatate. Kazi yake ilikuwa kuwazuia wanyama: nyani waliong'oa miche, nguruwe mwitu waliofukua bustani za wafanyakazi, na mara mojamoja nyati aliyetoka vichakani akasimama katikati ya mistari ya mkonge kana kwamba ameandikwa kazi pale. Bunduki ilikuwa mali ya shamba. Asubuhi aliichukua ofisini kwa meneja, jioni akairudisha, na mchana kutwa alitembea nayo begani.

Mimi nilikuwa nimemaliza mafunzo ya ualimu miaka ile ya hamsini, nikapata kazi katika shule ya misheni kule Chawia, milimani. Wasichana wa kwetu waliofika chuoni walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na baba hakuacha mtu asahau jambo hilo. Akikutana na mtu njiani, salamu hazijaisha, tayari ameshasema, "Huyu binti yangu Kiingereza anakinywa kama maji." Nilikuwa nikitazama chini kama mtu mwenye haya. Lakini nilipenda, na sina budi kulisema hilo kwanza, maana yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Kiingereza changu kilikuwa cha darasani. Nilijua mlango, ng'ombe, jana na kesho. Niliweza kusoma Zaburi bila kukwama. Zaidi ya hapo nilibahatisha, na kwa kuwa waliokuwa wakinisikiliza hawakujua hata hicho kidogo, hakuna aliyewahi kunikamata.

Jumamosi moja baba alipanda mlima kuja kwangu. Tulikula kimanga, muhogo uliopondwa na maharage, alichokuwa amenitumia mama, kisha akaniita nje, tukaenda mpaka nyuma ya choo, mahali ambapo hata jirani asingesikia.

"Mwanangu," akasema, "ile alama ya bunduki ya huku karibu na jicho, ya kulengea, siku hizi naiona kama moshi. Wiki jana nimemkosa nguruwe aliyesimama kama kutoka hapa na pale kwenye mti."

"Umemwambia bwana meneja?"

"Nimwambie nini? Kwamba macho yamezeeka? Kesho yake bunduki atapewa mwingine." Akatazama nyuma. "Nimemwambia nguruwe wamekuwa wajanja, wanakaa mbali, nataka darubini ya kufunga juu ya bunduki. Amekubali, ila ninunue mwenyewe. Mtamba wangu nimeshamuuza. Sasa nataka uje tuchague. Nataka iliyo nyepesi, maana bega hili si la ujana tena, na isiwe ya bei ya Wazungu. Wewe utasoma."

Jumamosi iliyofuata tulipanda treni Mwatate, tukashuka Voi. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Katika mfuko wa ndani alikuwa na barua ya meneja, kwa sababu siku hizo za Hali ya Hatari Mwafrika hakuingia dukani hivihivi akauliza habari za bunduki.

Mwenye duka, Mhindi mzee aliyeuza kila kitu kuanzia misumari hadi taa za karabai, aliisoma barua ile polepole, akatazama barazani, ndipo akatuletea viti. Darubini zenyewe hakuwa nazo. Alikuwa na kitabu cha bei kutoka Mombasa, chenye picha. Mtoto wake aliyezoea kukisoma alikuwa amesafiri.

"Macho yangu hii maandishi dogo haiwezi," akasema bila aibu yoyote, akanisogezea kitabu. "Mwalimu, soma wewe."

Baba aliinua kidevu aliposikia lile neno mwalimu.

Zilikuwa darubini nyingi, lakini kwa fedha tuliyokuwa nayo zilibaki mbili. Moja ilikuwa ya chuma, nzito. Nyingine ilikuwa nyembamba, nyepesi karibu nusu ya ile, na bei yake ilikuwa chini kidogo. Nilisoma uzito, nikasoma urefu, nikaeleza ni mara ngapi kila moja inakuza kitu. Yote hayo niliyajua. Baba alikuwa akiitikia kwa kichwa kila nilipotamka tarakimu.

Kisha nikafika kwenye mstari ambao sikuuelewa. Maneno yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa jicho. La pili nililijua kwa maana ya nafuu, ile ya mgonjwa anayepata ahueni. Mbele ya maneno hayo ile nzito iliandikwa inchi tatu na nusu, na ile nyepesi inchi mbili kasoro.

Nikaupitia tena kwa kidole.

"Hapo pamesemaje?" baba akauliza.

Ningeweza kusema sijui. Mwenye duka alikuwa amekwisha kukiri kwamba haoni, na dunia haikumwangukia. Lakini baba alikuwa amevaa koti la kanisani, na akina mama wawili waliokuja kununua chumvi walikuwa wamesimama wakinitazama midomo.

"Ni nafuu ya jicho," nikasema. "Ile nzito ina nafuu kubwa. Nafikiri imetengenezwa kwa watu wagonjwa wa macho."

Nilikuwa nimeshalitamka ndipo nikamwona baba uso ukimbadilika. Aliwatazama wale akina mama, akamtazama mwenye duka, ambaye kila mwezi alipeleka vitu nyumbani kwa meneja.

"Mimi si mgonjwa wa macho," akasema kwa sauti. "Tuagizie hiyo nyepesi."

Ilifika baada ya wiki kadhaa. Fundi wa mitambo pale kiwandani, aliyejua kutengeneza mashine za kukamua mkonge na hakuwahi kufunga darubini maishani mwake, alitoboa matundu na kuikaza juu ya bunduki. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilikuwepo siku ya kuijaribu. Tulikwenda kwenye korongo kavu nyuma ya kiwanda. Wafanyakazi waliomaliza zamu walitufuata, kama kumi na watano hivi. Debe liliwekwa upande wa pili.

Baba alipiga goti. Alijaribu kutazama, akasogeza kichwa mbele, akasogeza tena, mpaka jicho likakaribia kugusa kile kioo. "Sasa naona," akasema. Alisema kwa furaha kabisa. "Naona mpaka kutu ya debe."

Akafyatua.

Bunduki ile ilikuwa ya nyati, na ilirudi nyuma kwa nguvu kama ilivyokuwa ikirudi siku zote. Ukingo wa darubini ukampiga juu ya jicho. Hakuanguka. Alibaki amepiga goti, damu ikimtiririka kandokando ya pua na kudondoka juu ya shati. Mtu mmoja akacheka, na wengine wakafuata.

Nilimkimbilia na leso. "Nimeshika vibaya," akaniambia. Akawageukia wale watu: "Nimeshika vibaya tu! Ni kitu kigeni."

Alifunga kitambaa, akapona, akarudi kazini. Lakini mtu aliyepigwa mara moja mwili wake hausahau. Kila alipotaka kufyatua, jicho lilifumba lenyewe kabla ya risasi kutoka. Akikaa mbali na kioo aliona giza, akisogea aliogopa. Alimkosa nguruwe, akawakosa nyani. Mara ya pili darubini ilimpiga palepale penye kovu. Mwisho meneja akamwita, na baba akanitumia mtu Chawia nije, maana alidhani mambo ya darubini ni ya kitabu na ya kitabu yalikuwa yangu.

Tulisimama mbele ya ofisi. Meneja aliishika bunduki, akatazama kupitia darubini, akaniuliza kwa Kiingereza, taratibu kama anavyosemeshwa mtoto, nani aliichagua. Nikasema ni sisi. Akaniambia kwamba kitu hiki ni cha bunduki ndogo za kupigia ndege. Akaweka vidole viwili kati ya jicho lake na kioo, kisha akaongeza vidole vingine, akanionyesha: huo ndio umbali ambao jicho linakaa salama, na bunduki kubwa inahitaji umbali mkubwa. Akalitaja kwa jina. Yalikuwa maneno yaleyale mawili.

Nilielewa kila neno. Sijawahi kukielewa Kiingereza kama nilivyokielewa siku ile.

"Anasemaje?" baba akauliza.

Kovu lake lilikuwa bado bichi. Alinitazama akisubiri.

"Anasema darubini ni mbovu," nikajibu. "Wameuza kitu kibovu."

Baba akamgeukia meneja, akamwambia kwa Kiswahili, "Bwana, usimlaumu yule Mhindi. Darubini si mbovu. Ni mimi ninashika vibaya." Meneja akanitazama. Nadhani alijua. Akaingia ndani na bunduki, na mwisho wa mwezi baba akawekwa mlinzi wa lango la kiwanda, na rungu.

Miaka mitatu alikaa langoni. Wafanyakazi wakipita wakati wa zamu walifumba jicho moja na kurusha kichwa nyuma, na yeye alicheka pamoja nao. Niliona hayo kwa macho yangu kila nilipokwenda kumtembelea, na kila mara nilijiambia nitasema leo, nikarudi Chawia sijasema.

Nilimwambia alipoacha kazi, akiwa nyumbani. Tulikuwa tukipukuchua mahindi, mimi na yeye tu. Nilisema yote kwa mpigo, la dukani na la mbele ya ofisi. Mikono yake iliendelea na gunzi mpaka likaisha, kisha ikatulia.

"Ungesema tu hujui," akasema. "Na mimi ningesema sioni. Tungenunua ile nzito."

Nilimwomba msamaha. Akaniambia amenisamehe, na nadhani ni kweli, maana siku hiyohiyo alinifungia ndizi za kurudi nazo. Lakini miezi miwili baadaye ilikuja barua ya serikali kuhusu mpaka wa shamba letu, kwa Kiingereza. Nilikuwa pale pale nyumbani, likizo. Baba aliikunja, akaitia mfukoni, akavaa koti, akateremka kwa miguu mpaka Mwatate kumtafuta karani wa posta aisome. Mama aliniangalia, akasubiri niseme neno. Nikachukua ndoo nikaenda kuteka maji.