Maneno ya shemeji ndani ya picha yangu

Leo asubuhi nimempoteza mnunuzi wangu wa asali wa Dar.

Shemeji Deo ndiye ananiendeshea kompyuta na kumtumia mnunuzi huyo barua na picha. Kila barua pepe naisoma kabla haijatoka, picha naangalia tu.

Leo nimekagua disketi anayohifadhia nakala za alivyotuma. Picha yangu ile ile aliyomtumia mnunuzi, nacheka kando ya madebe ya asali, lakini faili limeongezeka uzito. Mnanijua, hesabu hazinipiti. Picha inanenepa?

Nikaifungua kwenye programu ya kuandikia barua. Herufi za takataka tupu, halafu mwishoni Kiswahili safi: "Bosi, achana naye. Asali hiyo hiyo ya huku Kakese nakupa mimi, bei chini."

Jamani, na mimi kwenye picha hiyo hiyo nacheka!

Deo, najua unasoma kundi hili. Asali chukua. Kabla ya saa kumi na mbili jioni nijibu hapa, mbele ya wote: mkeo, dada yangu, alijua?