Mtafiti Aliyekataa Kuku wa Mama Mdogo

Wapo watu niliowasamehe tangu vita vile, hata askari mmoja aliyenizaba kofi sokoni Beni. Yule mtafiti kutoka Ulaya sijamsamehe, wala sitafuti sababu ya kumsamehe.

Alinichukua niwe mkalimani wake. Alikuja kuchunguza jinsi watu wetu walivyokuwa wakifa na nani aliyekuwa akiwaua. Njia nzima kutoka Beni hadi Butembo, tukirushwarushwa na mashimo, alinihubiria neno moja: objectivité. Mtafiti hana upande. Hapokei zawadi, hali chakula cha anayemhoji. Nilimheshimu kwa hayo, maana wakati ule kila mwenye bunduki alikuwa na ukweli wake, na mtu asiye na upande tulimtamani kama chumvi.

Ndiyo maana nilimpeleka kwa mama mdogo. Mumewe aliuawa kwenye barabara ya Alimbongo, naye alikuwepo, akaona kwa macho yake. Kamanda aliyetoa amri alikuwa bado anatembea Butembo akinywa bia. Nilimbembeleza mama mdogo hadi akakubali: huyu mgeni atalibeba jina la muuaji hadi mbali, ambako bunduki hizi hazifiki. Akachinja jogoo wake wa pekee.

Kwetu pale, mgeni anayeuliza habari za marehemu hujibiwa kwanza kwa adabu: ni Mungu. Akishakula na wafiwa amekuwa mtu wa nyumbani, na hapo ndipo anapoambiwa ya kweli. Nilimweleza mtafiti hayo yote mlangoni. Kuku, bugali na sombe ya majani ya muhogo vilipowekwa mbele yake, alivisukuma kando kwa vidole viwili.

"Umuambie akule kwanza," mama mdogo aliniambia. "Kisha nitamuelezea yote."

"Mwambie aeleze tu," mtafiti alisema. "Nikila, kazi imeharibika."

Mama mdogo akafunika sahani. "Donc ni Mungu alimupenda, baba. Hapana mutu."

Nilimwambia mtafiti kwamba hiyo ni adabu tu, kwamba muuaji anajulikana. Alinitazama kwa huruma. "Wewe ni jamaa yake. Neno lako halihesabiki." Nilitamani kummwagia ile sombe kichwani, na mpaka leo najuta kwamba sikufanya hivyo.

Alizunguka nyumba kwa nyumba bila kuonja hata ndizi. Mwishowe akawakusanya watu katika ukumbi wa parokia ili awasomee alichokigundua, na kamanda yuleyule alikaa kiti cha mbele. Watu wa hapa, mtafiti alisema, hawamlaumu yeyote. Vifo vyao humwachia Mungu. Nilitafsiri neno kwa neno. Kamanda alipiga makofi.

Mama mdogo akasimama. "Monsieur, tangu ulifika huku, ulikula kwa nani?"

"Sikula kwa mtu yeyote," alijibu kwa fahari. Ningeweza kulilainisha jibu lile, nikamwokoa. Dawa ya moto ni moto. Nililitoa likiwa bichi, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, wengine wakishika mbavu. Alinigeukia akiuliza wanacheka nini. Sikumjibu, na raha niliyoipata siifichi.

Lazima mtu mwingine alimweleza, maana kesho yake alibisha hodi kwa mama mdogo, kofia mkononi, akaomba chakula. Kuku hakuwepo tena. Alikula bugali na maharage hadi sahani ikabaki nyeupe, kisha akauliza upya nani alimuua mume wake.

Mama mdogo alikuwa amemwona akipigiwa makofi na muuaji. "Ni Mungu alimupenda, baba," alisema, akachukua sahani.

Mtafiti akaniinamia, akauliza kwa sauti ya chini kama kweli ndivyo ilivyokuwa. Jina la kamanda lilikuwa tayari mdomoni mwangu.

"Mimi ni jamaa yake," nikamwambia. "Neno langu halihesabiki."

Aliondoka wiki hiyohiyo. Kamanda alibaki nasi.