Mbili za Mshono

Mwalimu Futi alipewa jina hilo siku yake ya kwanza darasani, na alijitakia mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, na kumi na mitatu kati ya hiyo aliimalizia kwenye cherehani, katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake. Asubuhi ile ya kuanza mazoezi ya kufundisha alitoka nyumbani mbiombio, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Watoto wa darasa la tatu walimtazama, wakatazamana, na kabla kengele ya mapumziko haijalia shule nzima ilishapata habari.

Kuacha ufundi na kwenda chuo cha ualimu hakukumfurahisha mama yake, ambaye ndiye aliyemfundisha kukata kola na kutia zipu. Mama hakugombana naye. Alimwambia tu kwamba cherehani haihami, akishindwa ataikuta palepale. Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na somo lake la kwanza la kukaguliwa likazidi kuyasukuma ndani. Aliwapa watoto mgongo, akaufundisha ubao hesabu kwa dakika arobaini huku watoto hamsini na wanne wakipiga soga nyuma yake. Sasa lilibaki somo moja, la mwisho. Akianguka katika hilo angetakiwa kurudia mwaka mzima, naye alijijua: asingerudia chochote, angerudi kwenye cherehani.

Mkaguzi alikuwa mkufunzi wa hesabu kutoka chuoni, mzee mfupi asiyecheka ovyo, ambaye wanachuo walimwita Kalamu Nyekundu. Wiki hiyo alikuwa ameshawaliza wenzake Futi wawili.

Safari hii Futi alijiandaa kweli. Somo lilikuwa kupima urefu. Alichukua mabaki ya vitambaa, akakata vipande ishirini na saba, kila kimoja sentimita mia, kimoja kwa kila dawati, akavitia alama moja moja kwa kalamu ya wino na kuvishona kingo visichanike. Mwalimu wa darasa, mama mtu mzima aliyempokea, alivigeuzageuza akasema tangu aanze kazi hajawahi kuona zana za kufundishia zenye mshono mzuri hivyo. Kisha akamvuta pembeni na kumpa onyo: mbele ya mkaguzi, asithubutu kumpa nafasi Mama Mashtaka.

Mama Mashtaka alikuwa msichana wa miaka tisa, wa dawati la tatu karibu na dirisha, na kazi yake hapa duniani ilikuwa kushtaki. Alishashtaki waliokunja kurasa, waliochelewa na waliokuwa wanataka kuchelewa. Siku moja alimshtaki jirani yake kwa kupumua kwa nguvu. Futi alikuwa na wiki tatu za kumkwepa, akawa hodari.

Asubuhi ya ukaguzi aliwahi, akapima dawati moja kwa futi yake, akaandika kwenye andalio la somo: upana, sentimita arobaini na sita. Dakika chache baadaye Kalamu Nyekundu alikaa nyuma ya darasa, akafungua daftari.

Somo lilianza vizuri kuliko alivyoota. Watoto walivishangilia vitambaa, wakagawana, huyu anashika sifuri, yule anasoma. Alipowauliza watoto wa dawati la mbele wamepata ngapi, wakasema arobaini na nne. Futi akachungulia andalio lake. Akawaambia kwa upole kwamba wamekaribia, jibu ni arobaini na sita, wapime tena vizuri. Wakapima tena, wakapata arobaini na sita. Dawati la pili nalo, arobaini na sita. La nne, la tano, mstari mzima. Moyo ukamjaa. Kumbe na yeye anaweza kufundisha watu wakaelewa!

Lakini kando ya dirisha mkono mmoja ulikuwa juu muda mrefu, na sasa ulikuwa unapepea. Futi aliupita mara ya kwanza. Aliupita mara ya pili. Mara ya tatu aliona Kalamu Nyekundu ameutazama mkono ule, kisha amemtazama yeye. Akapiga moyo konde, akamruhusu mtoto aseme.

"Mwalimu, hawa wote wanadanganya," alisema Mama Mashtaka. "Walipata arobaini na nne kama sisi. Uliposema arobaini na sita ndiyo wakabadilisha. Na huyu alikuwa anakilegeza kitambaa."

Kisingizio kilikuwapo, tena kizuri: kitambaa huvutika, kaa chini, tuendelee. Nani angejua? Futi mwenyewe alishafungua mdomo kukisema. Badala yake akavua futi shingoni, akaenda hadi dawati lile na kupima. Arobaini na nne.

Hapo ndipo alipokumbuka. Kwa miaka kumi na mitatu, kila alichokipima alikiongezea mbili kabla ya kuandika, mbili za mshono, nguo isije ikambana mtu. Mkono ulikuwa umeandika bila kumuuliza mwenye nao. Mazoea yana taabu.

"Kosa ni langu," aliwaambia watoto. "Nilipima kama fundi wa nguo. Nguo tunaiongezea. Dawati halivaliwi. Nani alipata arobaini na nne mwanzoni?"

Ulinyooka mkono mmoja, kisha mitano, kisha karibu darasa zima. Futi akafuta ubao, akaandika upya. Kisha akawatuma wapime mlango, kiti, ubao, na kila mtu aandike alichokiona kabla ya kumsikia mwalimu. Ukaguzi wa kazi alimpa Mama Mashtaka, ambaye hakuwahi kuwa na furaha kama ile.

Baadaye, katika chumba cha walimu, Kalamu Nyekundu aliikata ile arobaini na sita ya kwenye andalio kwa wino wake mwekundu. Futi alishaanza kuisikia cherehani masikioni.

"Hapa nimekukata alama," mzee alisema. "Lakini nimekagua somo hili miaka kumi na minane, na kila mwaka watoto hupata jibu la mwalimu. Leo ndiyo mara ya kwanza nawaona wanapata jibu la dawati. Umepita."

Mama yake alipohadithiwa alicheka hadi akaegemea cherehani. Kisha akainuka, akafungua kabati na kutoa kitambaa cha buluu kilichofungwa kwenye gazeti la miaka miwili nyuma. Alikinunua siku binti yake alipokwenda chuoni. Kilikuwa cha gauni la ualimu, na muda wote ule alikuwa akiingoja siku hii. Machozi yalimtoka Futi, wala hakujisumbua kuyazuia.

Mama alimzungushia futi, binti akishika daftari la vipimo.

"Kifua inchi thelathini na sita," mama alisema.

Kalamu ilitaka kukimbilia thelathini na nane. Akaizuia, akaandika thelathini na sita.

Mama akachungulia. "Na mbili zangu ziko wapi?"

"Hizo utaongeza wewe, mama. Mimi naandika ilivyo."

Mama akaikunjua futi tena.

"Haya, mwalimu," alisema. "Inua mikono."