Pale Sauti Ilipokatikia

Mama mwenye nyumba wangu wa Ujiji alikuwa na filamu moja tu, na kila Jumapili alasiri, umeme ukiwepo, tuliitazama. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, nilihamishiwa Kigoma kutoka Njombe, sina ndugu huku, nikapanga chumba cha uani kwake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa ungo wa mchele nichague huku nikitazama.

Filamu yenyewe ilikuwa ya Kizungu, ya mapenzi na vituko. Dada mmoja mpweke anafanya kazi stesheni ya treni, kwenye dirisha la vitu vilivyosahauliwa. Miavuli anaipa majina na kuifanyia sherehe za kuzaliwa. Kila asubuhi anakuja kaka mmoja kudai kitu ambacho hakukipoteza: leo kofia, kesho zumari, kesho kutwa kasuku. Dada anamwuliza kilikuwa cha rangi gani, alikiona wapi mara ya mwisho. Kaka anajibu, anaambiwa hakipo, anaondoka ameridhika.

Sauti iliyotafsiri ilikuwa ya mume wa mama. Ndiyo iliyokuwa kazi yake: alifunika dirisha la chumba kwa blanketi, akawasha kompyuta, akaongea juu ya filamu za watu, kisha akazipeleka kibanda umiza cha Mwanga, vijana walipe kiingilio watazame. Yule kaka wa Kizungu alimfanya Muha wa Kasulu, kila akifika dirishani anaamkia kwa Kiha, "Mwakeye dada, nimepotelewa tena!" Mama alicheka palepale kila Jumapili. Kisha aligeuka kuutazama mlango wa kile chumba, kama anayengoja mtu atoke.

Lakini mume hakuwepo. Alikwenda Mwamgongo kumzika shangazi yake, mtumbwi ukapinduka njiani. Wengine waliokolewa, wengine waliokotwa wakazikwa. Yeye hakuonekana, si mzima si maiti. Sheikh alikwisha kumwambia mama kwamba muda wa kungoja umepita, akae eda kama wajane wenzake. Shemeji yake naye alikuja na maneno hayohayo. Mama alimpa chai na kumjibu, "Shemeji, nikikaa eda nimemzika mimi. Nami sijamzika mtu." Na kila jioni alipakua sahani mbili. Ya pili aliifunika kwa kawa, akaiweka mlangoni pa chumba kile, na asubuhi aliwamwagia kuku.

Mimi si mtu wa kunyamaza mbele ya filamu. Mtafsiri alisema kaka anakuja dirishani kwa sababu ameshampenda dada. Nilibisha.

"Mama, bado hajampenda. Anakuja kwa sababu hakuna mwingine anayemwuliza swali. Kupenda kutakuja akishajifunza na yeye kuuliza."

Mama alinikata jicho. "Aliyeitafsiri hakujua, umejua wewe?"

Nilikuwa nashindana na mtu aliyemo ziwani, tena nilikuwa nashindwa, na iliniudhi. Lakini kila Jumapili nilikuwa wa kwanza kuketi. Kigoma nzima hakuna mwingine aliyeniuliza nimeamkaje.

Jambo moja lilinisumbua. Kila mara, kabla ya mwisho, mama alichukua rimoti akazima. Nilidhani hapendi miisho ya huzuni. Jumapili moja ya masika rimoti ilikuwa upande wangu, na yeye alikuwa akikanda chapati, mikono imejaa unga. Filamu ikaendelea. Dada alikuwa amesimama mbele ya mwavuli mweusi asiotaka uguswe, wa abiria aliyempenda na ambaye hakurudi. Ndipo, nyuma ya sauti ya mume, nikasikia mwanamke akiita kwa mbali: "Mwenzangu, chakula kinapoa!" Niliijua sauti ile. Mume akacheka kidogo. "Watazamaji, subirini. Nikale, naja sasa hivi."

Baada ya hapo Wazungu walizungumza wenyewe, kwa Kiingereza chao.

Mama alikuwa ameacha kukanda. Aliniambia kwamba siku ile mume alikula akashiba, ikaja habari ya msiba, na alfajiri akaenda Kibirizi kupanda mtumbwi. Filamu ikabaki hivyo.

"Amesema anakuja. Umemsikia mwenyewe," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Mwalimu, huyo dada anasema nini? Mimi mwisho wake siujui."

Niliogopa. Ningeweza kusema mwenye mwavuli ameshuka kwenye treni. Mtafsiri mwenyewe alitia chumvi apendavyo na hakuna aliyelalamika. Lakini mama angepakua sahani mbili mpaka kufa kwake. Nilimwonea huruma, na nikatafsiri.

"Kaka anasema leo hakupoteza kitu. Amekuja kumwuliza dada yeye amepoteza nini."

"Naye?"

"Anasema amempoteza mwenye mwavuli. Kaka anamwuliza alikuwa mtu wa namna gani. Anamweleza."

Mama aliketi. Kwenye televisheni mvua ilinyesha. Dada alifunga dirisha lake, akazunguka, akatoka upande wa abiria kwa mara ya kwanza. Akaufungua ule mwavuli mweusi, wakaingia chini yake wote wawili.

"Kwa hiyo mwenyewe hakurudi," mama alisema.

"Hakurudi, mama."

Alilia. Alilia kilio cha msiba, unga mikononi, mpaka majirani wakaingia uani mbio kuuliza nani amefariki.

"Mume wangu," akawajibu.

Hakuna aliyecheka. Wanawake walitandika mikeka, mmoja akatumwa kumwita shemeji, wengine wakaenda kupika. Jioni chakula kilipoletwa, nilimwona mama kwa dirisha langu akiichukua sahani ya mumewe, akapakua, akaifunika kwa kawa. Akaelekea chumba kile. Akakipita. Akasimama mlangoni pangu na kuita, kwa sauti ileile niliyoisikia kwenye filamu:

"Mwalimu, chakula kinapoa."

Nilifungua kinywa niseme naja. Sikusema. Nilitoka palepale, miguu mitupu, nikaketi kando yake nikala.