Nukta za Saa Nne

Siku hizi nikiona laini iliyonyooka kwenye grafu, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuiondoa. Naiondoa nibaki na nukta peke yake, kisha naangalia ziko wapi na haziko wapi. Wenzangu husema nina wazimu. Wacha waseme.

Nilikuwa fundi wa kompyuta na mitambo katika kituo cha kupozea maziwa huko Kiirua. Wakulima walileta maziwa asubuhi na mapema, yakamwagwa kwenye tangi kubwa la chuma, yakapozwa mpaka nyuzi nne, na saa sita mchana lori likaja kuyachukua. Ndani ya tangi kulikuwa na kijiti cha kupima joto. Kila dakika kijiti kile kilituma namba moja kwa kisanduku kilichofungwa ukutani mwa ofisi yangu, kisanduku kikaipeleka kwenye kompyuta, na kompyuta ikaweka nukta. Nukta moja iliungwa na inayofuata kwa laini, ndipo mtu aone joto likipanda na kushuka. Grafu ile niliitengeneza mimi. Hata rangi nyekundu niliichagua mimi, na nilijivunia sana, wacha nisidanganye.

Aliyelichunga tangi ni mama mmoja wa makamo aliyekuwa pale kabla kompyuta haijaletwa. Alikuwa na kipimo chake cha kioo, anakiweka kwenye mfuko wa aproni. Kila nusu saa alikichovya kwenye maziwa, akasoma, akaandika namba kwa chaki ubavuni mwa tangi. Lori likiondoka, aliliosha tangi lote ndani na nje, na chaki ikaenda na maji. Hakutaka mtu akute doa kwake. Kazi ile ndiyo iliyomlisha yeye na wajukuu wake wawili.

Jumanne moja ya msimu wa mvua, dereva wa lori alipima maziwa akakuta nyuzi tisa. Akayakataa. Tangi zima likamwagwa shimoni, na wakulima waliokuwa wakingoja mitungi yao wakasimama pale wakitazama. Mchana ule meneja alituita ofisini kwangu, mimi na mama.

Mama alieleza bila kupepesa. "Meneja, si wewe ulinipigia simu saa tano na nusu ukaniambia nipokee maziwa ya ile pikapu iliyokwama kwa matope? Yalikuwa bado na joto la ng'ombe. Nikakwambia yatapasha haya mengine moto."

Meneja akanigeukia. Aliniambia nifungue grafu.

Laini nyekundu ilikuwa pale. Nyuzi nne saa nne asubuhi, kisha inapanda polepole, imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, mpaka tisa saa sita kasorobo.

"Umeona?" meneja akasema. "Yameanza kupata moto tangu saa nne. Karibu masaa mawili mama, na wewe umekaa tu! Pikapu ilikuta yameshaharibika."

"Saa tano nilipima. Ilikuwa nyuzi nne. Haki ya Mungu."

"Iko wapi hiyo nne?"

Mama akageuka kutazama tangi kupitia dirishani. Lilikuwa linang'aa. Alikuwa ameshaliosha.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. "Kompyuta haidanganyi, mama," nikasema. Yaani nilisema hivyo, kwa sauti ya upole kabisa, kana kwamba namsaidia.

"Sawa, fundi," akajibu, akatoka. Meneja akasema Ijumaa kamati ya kituo itakaa na barua ya kumwachisha kazi itakuwa tayari.

Ile "sawa" yake ilinikaa rohoni. Asubuhi ya Jumatano nilifungua tena grafu, na kadiri nilivyoiangalia ndivyo ilivyonikera. Mashine yetu ya kupoza huwaka na kuzima, kwa hivyo laini yetu siku zote ina meno meno. Hii ilitoka wapi ikanyooka hivi? Nikaingia kwenye mipangilio, nikazima laini, nikaacha nukta peke yake. Kutoka saa nne mpaka saa sita kasorobo hapakuwa na nukta hata moja. Peupe pe. Programu ilikuwa imechukua nukta ya mwisho upande huu na ya kwanza upande ule, ikazifunga pamoja. Hakuna aliyepima kule kupanda. Kulichorwa tu.

Nikakimbia kwa meneja. Akaangalia, akaguna. "Basi kisanduku kilizima. Hiyo haisemi maziwa yalikuwa baridi. Na kilizima kwa nini? Niletee sababu, ama hiyo hadithi yako ibaki hapo hapo."

Niliapa sitaondoka bila sababu. Nikafungua grafu za siku zilizopita, zote bila laini. Kila siku ya kazi, saa nne, palikuwa na pengo la dakika kumi hivi, dogo, ambalo laini ilikuwa ikilifunika. Nikalaumu stima. Nikalaumu panya. Nikapanda ngazi nikaufuata waya wote kutoka tangini mpaka ofisini, nikashuka na utando wa buibui kichwani, waya ni mzima.

Alhamisi nilivuta kiti mbele ya skrini kuanzia saa tatu na nusu, nikisubiri pengo lifike nilinase. Saa nne ikafika, nukta zikaendelea. Saa nne na dakika tano. Saa nne na kumi. Nukta, nukta, nukta. Ndipo karani akachungulia mlangoni. "Kwani leo hakuna chai?"

Nikatazama ukuta. Ofisi yangu ilikuwa na soketi mbili, moja ya kompyuta, moja ya kisanduku. Na birika la stima lilikaa chini ya soketi hizo. Kila siku, saa nne, nilichomoa kisanduku, nikachomeka birika, chai ikachemka, nikakirudisha kisanduku. Jumanne nilitumwa Makutano kununua wino wa printa, nikanywa chai harakaharaka, nikaliacha birika limechomekwa. Niliporudi, saa sita kasorobo, niliona waya wa kisanduku unaning'inia, nikaurudisha bila hata kufikiri.

Aibu iliyonipata! Masikio yaliwaka moto.

Siku hiyo hiyo pikapu ilikwama tena, maziwa ya kuchelewa yakaja. Safari hii kisanduku kilikuwa kimechomekwa, na dereva wa lori akakubali kungoja yapoe. Nukta zilikaa kwenye nne, nne, nne, mpaka maziwa ya joto yalipomwagwa, zikaruka juu kwa dakika chache. Ilikuwa kama mama alivyosema, neno kwa neno.

Ijumaa nilisimama mbele ya kamati na karatasi mbili, grafu ya Jumanne bila laini na ile ya Alhamisi. Meneja alinivuta kando kwanza. "Unajua barua imeshaandikwa? Ni kubadilisha jina tu, liwe lako."

"Badilisha," nikamwambia.

Niliwaeleza yote, birika na yote. Wakamuuliza meneja kuhusu ile simu ya saa tano na nusu, akakohoa sana. Mama akabaki na kazi yake. Mimi nilipewa barua ya onyo, na niliistahili.

Nikaenda kumtafuta. Alikuwa ndani ya tangi, anasugua.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

Hakuacha kusugua. "Kwa hivyo kila siku saa nne, hiyo kompyuta ilikuwa haioni?"

"Ilikuwa haioni."

"Na chai yenyewe, si ulikuwa unaniletea kikombe changu hapa hapa?"

"Nilikuwa nakuletea."

"Ukinikuta na nini mkononi?"

"Kipimo."

"Kila siku, mwanangu. Kila siku umeniona nikipima."

Nikavua viatu, nikachukua brashi ya pili, nikaingia tangini, nikaanza kusugua upande wa pili.