Bafle ya Ku Mulango

"Bwana yako iko nyuma yako, mama. Geuka tu."

Ile maneno niliisikia ku telefone, mchana kweupe, salon ya nyumba yangu imejaa bamama.

Shida ni moja tu: bwana yangu Apollinaire tulimuzika miaka tisa sasa, hapa hapa Butembo. Mimi mwenyewe nilitupa udongo ya kwanza.

Nitawaelezea yote. Mukitaka kucheka, mucheke. Mimi nilishamaliza kujicheka.

Jina yangu ni Emérence, mujane, mutu wa misa ya kwanza. Masomo yangu iliishia ku primaire, lakini kinywa yangu iliendelea mpaka université.

Mwaka wa sabini na sita, Apollinaire alikuwa anaongoza chorale, kwaya ya kanisa, kule Beni. Yeye anaita, chorale inaitika. Padri mumoja wa Ulaya akaweka mikro ine mu kona ine za kanisa, akakamata nyimbo zao. Ikatoka disque, santuri ya sauti ine. Maana yake: unatia bafle, zile spika za muziki, mbili mbele, mbili nyuma, wewe unakaa katikati, na nyimbo inakuzunguka sawa uko ndani ya kanisa.

Mais nani alikuwa na bafle ine? Hata mwenye moja tulikuwa tunamusalimia kwa heshima.

Ile disque ikapotea. Kisha tukakimbia Beni, picha na kanda zikabaki. Kisha Apollinaire akafa.

Na mimi, pole pole, nikaanza kusahau sauti yake. Uso ninaukumbuka. Kikohozi yake ninaikumbuka. Sauti, hapana. Nilikuwa nashika rozari na kuomba: Mama Maria, sauti tu, hata ile ya kunigombeza juu ya chumvi.

Ndipo Laurent akanitafuta kupitia paroisse, parokia yetu. Ni muzungu aliyezaliwa Lubero. Kiswahili yake iko na kutu, lakini inatembea. Kazi yake kule Ubelgiji ni kutafuta zile disque za sauti ine za zamani, kuzisafisha, na kuzitoa upya ku disque ya sasa, ile inaingia mu home cinéma, mashine ya televisheni yenye bafle nyingi. Akanitumia moja.

Mutu mwenye akili angeisikiliza peke yake kwanza.

Mimi niliita kikundi nzima ya sala.

Nikaita na Kasonia, ule anapangishaga sono, vyombo vya muziki, ku mandoa na ku deuil, matanga. Akaweka bafle tatu mu salon. Ya ine akabaki nayo mu mikono.

"Mama, hii ni ya nyuma, upande wa kuume."

"Nyuma ni wapi? Si ku mulango? Basi itoe inje, mudomo ku avenue, kule njiani."

"Mais mama, hii muziki inaomba zote zikae ndani..."

"Kasonia! Tangu lini mutu wa Butembo anafungua muziki na kunyima jirani? Wanisemeje?"

Mulisikia? Heshima ya jirani. Uongo mutupu. Nilitaka avenue yote ijue bwana yangu iko na disque ya Ulaya.

"Ni wewe mwenye nyumba," akasema. Akaitoa inje. Tukafunga mulango, vumbi isiingie.

Disque ikaanza. Eee Nyamuhanga, Mungu wangu! Chorale ya Beni ikajaa mu nyumba, bamama mbele, bababa nyuma yangu upande wa kushoto. Nikafunga macho, nikangojea Apollinaire.

Kimya. Halafu chorale ikaitika.

Kimya tena. Chorale ikaitika tena.

Batu banaitika, na hakuna mwenye kuwaita.

Nikafungua jicho moja. Bamama bote banaangalia sakafu. Ila mumoja, Vagheni. Ule hajawahi kuangalia sakafu mu maisha yake.

"Labda ile siku baba alikuwa na grippe, mafua ikamukula sauti," akasema.

Mungu anisamehe, nilifikiria mambo mubaya. Kwanza: Apollinaire alinidanganya miaka yote, hakuongoza kitu. Pili: hapana, ni muzungu amemukata. Nikachagua ya pili, juu muzungu alikuwa mbali.

Nikamwambia Kasonia azime. Nikamupigia Laurent.

"Mwizi! Umesafisha disque mpaka umefuta bwana yangu!"

"Mama, pole pole. Bafle zote zinaimba?"

"Zinaimba kuliko wewe!"

"Basi Apollinaire iko. Padri alimuweka mu kona yake peke yake. Bwana yako iko nyuma yako, mama. Geuka tu."

Nikageuka.

Mulango ukafunguka. Rideau, pazia ya mulango, ikatikisika. Vagheni akaruka mpaka ku mapaja ya Kasonia: "Yesu na Maria!"

Ni Kasika, jirani anayeuza beignets, maandazi ya moto, mbele ya kwangu. Mikono unga mpaka ku kiwiko.

"Mama Emérence, juu ya nini munazima? Murudishe ule mwanaume!"

"Mwanaume gani?"

"Ule anaimba huku inje! Anaita, ananyamaza, anangojea, hakuna anayemujibu. Tulimuhurumia, tukaanza kumujibu sisi. Bamotari bote bamesimama na pikipiki zao. Beignets zangu zimeungua!"

Nikamuangalia Kasonia: ile bafle ya inje!

Kasonia akamutoa Vagheni ku mapaja. Akaenda, akaleta bafle ndani, akaiweka nyuma yangu, upande wa kuume.

Na Apollinaire akaita.

Ilikuwa yeye. Ile sauti nzito, yenye inakawia kidogo kila mara mbele ya kuita, sawa vile alikuwa anakawia kuingia mu misa. Nililia nikicheka: "Apollinaire, hata ku disque unakawia?"

Haikumalizika nyimbo moja, mulango ukagongwa.

"Mama! Turudishie tonton mwimbaji!" Ni bamotari.

Basi bafle ikarudi inje, mulango tukauacha wazi. Mimi nikabeba kiti yangu, nikakaa pale ku kizingiti. Sikio moja kwa chorale, sikio moja kwa bwana yangu, na avenue yote inamuitika.

Bapendwa, mbele ya kulalamikia Mungu kwamba amekunyang'anya kitu, fungua kwanza mulango. Inawezekana ni wewe mwenyewe uliitoa inje ili usifiwe.

Vagheni, yeye, anasema mpaka leo ilikuwa grippe.